Kitabu cha rangi kuhusu simu: kitazeeka kabla hakijauzwa?

"Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 29, nina kibanda cha kutengeneza simu pamoja na uwakala wa pesa hapa Muheza, Tanga. Kila siku wazee wanakuja na simu za kupangusa walizotumiwa na watoto wao walioko Dar. Wanaomba niwaoneshe kupiga simu ya video, kutuma picha, kuangalia salio. Nimekuwa nikiandika maelekezo kwenye daftari, na sasa nataka liwe kitabu chenye picha za rangi kila ukurasa, kurasa kama 160, kifundishe simu zote. Mchapaji amenipa bei ya nakala 1,000 na imenitoa jasho, ni karibu mtaji wangu wote. Wapo rafiki zangu wanaosema rangi ni mapambo tu, nichape nyeusi na nyeupe. Wengine wanasema niache kabisa, simu zinabadilika kila mwaka na YouTube ipo. Nimesikia umeandika vitabu vya aina hii. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Na hongera kwa hilo daftari, kwa sababu lina kitu ambacho mwandishi wa mjini hana: maswali ya wazee wenyewe, kama wanavyoyauliza.

Nikikusoma vizuri, hofu zako ni tatu. Unaogopa rangi itameza mtaji. Unaogopa simu zitabadilika nakala zikiwa bado kwenye maboksi. Na chini ya hizo mbili unajiuliza kama kuna mtu anayehitaji kitabu siku hizi. Nakupa jibu kwanza, maelezo yafuate. Andika, na tumia rangi. Lakini usichape nakala 1,000, usifike kurasa 160, na usijaribu kufundisha simu zote. Mtaji wa kibanda usiuguse wote, maana kibanda ndicho kinachokuletea wasomaji.

Mimi nimetoa vitabu vitatu vya rangi vya kufundisha simujanja, cha kwanza mwaka 2017. Mengi nitakayokuambia nimeyalipia kwa fedha yangu.

Hilo la YouTube ni jepesi, tulimalize. Video ni nzuri, na mimi mwenyewe hujifunza humo. Ila mzee anayejifunza ana simu moja tu. Video ikiwa inacheza, simu imeshikwa na video. Akitaka kujaribu alichokiona lazima atoke kwenye video, afanye, kisha arudi pale alipoachia, na huko kutoka na kurudi ndiko hasa asikokujua. Hapo sijagusa habari ya bando. Kitabu kinalala mezani kando ya simu, kimefunguliwa pale pale, hakimalizi chaji wala hakisogei. Mkono mmoja kwenye simu, kidole cha mkono mwingine kwenye mstari. Hiyo ndiyo picha ya msomaji wako na usiiache itoke kichwani, kwani itaamua mpaka namna ya kukifunga kitabu, nitakavyoeleza mbele.

Tuje kwenye rangi. Wanaosema ni mapambo wangekuwa na hoja kama ungeandika kitabu cha hadithi. Kwenye simu, rangi ni sehemu ya maneno. Angalia alama za tiki kwenye WhatsApp: tiki mbili za kijivu maana yake ujumbe umefika, tiki mbili za bluu maana yake umesomwa, na hivyo ndivyo ilivyo tangu Novemba 2014. Ukichapa kwa wino mweusi peke yake, zote zinakuwa tiki mbili za kijivu. Simu inapoita, kitufe cha kijani ni kupokea na chekundu ni kukata. Bila rangi hivyo ni viduara viwili vinavyofanana, na mzee anayemsubiri mwanawe apige atamkatia. Simu ambayo haikupokelewa huonyeshwa kwa wekundu, na betri inayokaribia kuisha vivyo hivyo.

Sikulijua hili kwa kufikiri. Kabla ya kitabu cha kwanza nilitoa rasimu kwenye printa ya ofisi, nyeusi tupu, nikampelekea jirani yangu, bibi wa miaka 68. Alifika ukurasa wa tiki, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena. Akanirudishia karatasi: "Mwanangu, hizi umenichorea kitu kimoja mara mbili." Jioni ile niliamua kuchapa rangi, na sijajuta.

Lakini rangi ina mtego wake, na huu nao alinionyesha yule yule. Kitabu kilipotoka tulikaa barazani kwake, kitabu juu ya mkeka, simu mkononi. Niliandika, "Bonyeza alama ya kijani." Akabonyeza. Akatokea kwenye orodha ya namba alizowahi kupiga, akaanza kuitafuta picha ya mjukuu wake humo, akishuka na kupanda. Alikuwa ametii kitabu: kwenye simu yake alama ya kupiga simu ya kawaida nayo ilikuwa ya kijani, na ndiyo iliyokuwa karibu na kidole. Kosa lilikuwa langu kwenye sentensi. Toleo lililofuata niliandika: "Bonyeza alama ya kijani yenye kiputo cha maneno, na ndani ya kiputo kuna mkono wa simu." Tangu hapo sitaji rangi peke yake. Nataja rangi, umbo, na kitu kilicho jirani yake.

Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo, nayo iko ndani ya jicho. Kadiri mtu anavyozeeka, lenzi ya jicho hugeuka ya manjano kidogo kidogo. Ni kama kutazama dunia kupitia chupa ya mafuta ya kula: bluu hafifu hufifia, na bluu hafifu na kijani hafifu huanza kufanana. Tena wapo wanaume waliozaliwa wasitofautishe nyekundu na kijani, na wengine wamefika uzee bila kujua. Kwa hiyo mishale yako iwe minene na ya rangi nzito, na kila hatua iwe na namba yake ndani ya duara. Usimwachie mshale mwembamba wa bluu ya anga kazi ya kumwongoza mtu wa miaka 70. Herufi zisishuke chini ya ukubwa wa 14.

Sasa nikueleze jambo litakalokushtua siku utakapofungua boksi la kwanza, ili usigombane na mchapaji bure. Picha kwenye kioo cha simu hutengenezwa kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu vikichanganywa. Karatasi haina mwanga. Yenyewe hutumia wino wa aina nne, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi, na unachokiona ni mwanga wa chumba uliobaki baada ya wino kumeza sehemu yake. Kuna rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi, na kijani kinachong'aa ni mojawapo. Kijani cha WhatsApp kikishuka kwenye karatasi kinapoa, kinakuwa kama jani lililokaa siku mbili. Mimi nilidhani nimechapiwa kwa wino mbovu. Sivyo, ndivyo wino ulivyo. Dawa yake ni kudai prufu, yaani nakala ya majaribio, kabla ya kazi yote kuchapwa, tena kwenye karatasi ile ile itakayotumika, na kuitazama nje kivulini mchana badala ya chini ya taa ya dukani. Mwambie mchapaji abadilishe picha kutoka rangi za mwanga kwenda rangi nne za wino mapema, nawe uone matokeo. Usiache mashine iamue usiku.

Papo hapo, kabla hujapiga picha yoyote ya skrini, ondoa mwonekano wa giza kwenye simu. Vijana mnaupenda mkisema unapumzisha macho, lakini kwenye karatasi kila picha inakuwa bwawa la wino mweusi. Karatasi inalowa, inachelewa kukauka, na weusi unajipiga kama mhuri kwenye ukurasa unaoelekeana nao. Skrini nyeupe ni nafuu zaidi, na mzee anaisoma vizuri zaidi.

Twende kwenye bei, kwa sababu nahisi mchapaji alikupa jumla tu bila kukueleza inatoka wapi. Uchapaji wa ofseti hutumia pleti, bamba moja kwa kila rangi kwa kila upande wa karatasi kubwa. Chukua kitabu cha ukubwa wa A5 kwenye mashine inayobeba kurasa 8 upande mmoja: karatasi moja kubwa, ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa, inatoa kurasa 16. Kwa rangi nne hiyo ni pleti 8. Kurasa zako 160 ni karatasi kubwa 10, yaani pleti 80, na gharama hiyo unailipa hata ukichapa nakala moja. Ndiyo maana anakusukuma uchape 1,000, gharama ya pleti igawanyike. Hakudanganyi. Hesabu yake ni sahihi kwa kitabu cha dini au cha shule, kinachoweza kukaa rafuni miaka kumi. Kwa kitabu cha simu, nakala ambayo haijauzwa inapoteza thamani kila mwezi.

Ukishuka hadi kurasa 48, pleti zinakuwa 24. Kurasa hizo hizo 48 kwa rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu, ni pleti 12: picha za skrini zinakuwa za kijivu, mishale na namba nyekundu. Njia hii si mbaya. Inaongoza jicho vizuri, ila inakunyima tiki za bluu na kitufe cha kijani, kwa hiyo kurasa hizo chache utazieleza kwa maneno mengi zaidi. Kuna na uchapaji wa dijitali, usiotumia pleti kabisa. Mashine inachapa kutoka kwenye faili moja kwa moja, hivyo nakala ya kwanza na ya 150 zina bei moja. Bei hiyo kwa nakala ni kubwa kuliko ya ofseti ya nakala 1,000, na faida yako kwa kila kitabu itakuwa ndogo, nisikufiche. Lakini unanunua uhuru wa kurekebisha. Ukikuta kosa ukurasa wa 12, nakala 150 zijazo hazina kosa hilo.

Ningekuwa wewe ningechapa kurasa 48 za rangi, kwa dijitali, nakala 100 hadi 150, kisha nikatazama zinavyotoka. Hesabu ya kurasa igawanyike kwa nne, la sivyo utalipia kurasa tupu mwishoni. Halafu ufungaji: kumbuka mikono ya msomaji. Kitabu cha gundi kinajifunga chenyewe ukikiachia, na mzee anaishia kukikandamiza kwa kiwiko. Pini mbili katikati zinakifanya kilale kidogo. Waya wa mviringo unakilaza kabisa, unaweza hata kukigeuza nyuma. Waya unaongeza gharama na hauachi mgongo wa kuandika jina la kitabu, kwa hiyo maduka ya vitabu hayaupendi, lakini wewe unauzia kibandani. Chagua na karatasi isiyong'aa. Ile ya kung'aa inavutia dukani, ila chini ya balbu inarudisha mwanga usoni, na mzee anaanza kukiinamisha kitabu huku na huku akitafuta pembe ya kusomea.

Nimekawia kwenye uchapaji kwa sababu ndiko fedha inakopotelea. Kitabu chenyewe lakini kinakufa au kuishi kwa jambo jingine, nalo ni hofu yako ya pili: kuzeeka.

Ni kweli, kinazeeka. Cha pili changu nilikitoa mwaka 2023, ofseti, nakala nyingi, nikiwa na imani. Mwaka 2024 WhatsApp kwenye Android ikashusha vichupo vyake, yaani vile vya kuchagua mazungumzo au simu, kutoka juu ya skrini hadi chini, na kitabu changu kilikuwa na mishale kumi na kitu inayoelekeza juu. Novemba mwaka huo huo Tigo ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, nami nina sura nzima yenye jina la zamani kwenye kichwa cha habari. Twitter ilikuwa imeshakuwa X tangu Julai 2023. Nilibaki na nakala zaidi ya 600 zimepangwa sebuleni hadi usawa wa dirisha. Nyingine niligawa bure vikundi vya wazee, nikiwa nimekata vipande vya karatasi vya masahihisho na kuvibandika kwa mkono.

Nilipokaa kusoma upya kitabu kile, nikiwa na kalamu nyekundu, nikaona kitu ambacho ningependa ukijue mapema. Kurasa zilizokufa zote zilikuwa zile zinazosema "kitufe kiko hapa". Kurasa zinazoeleza simu inafanyaje kazi zilikuwa hai, bila neno la kubadilisha. Simu ina sura na ina tabia. Sura inabadilishwa na watengenezaji wanapopenda. Android 12 ya mwaka 2021, kwa mfano, iligeuza vile vialama vidogo unavyovishusha kutoka juu kuwa vitufe vikubwa vya mviringo. Tabia hukaa miaka mingi.

Nikupe mfano mmoja wa tabia, naamini unaukuta kibandani kila siku. Mzee anabonyeza alama, na badala ya kufunguka, alama inatikisika au inaleta kisanduku cha maneno asichokiomba. Anakwambia simu imeharibika. Haijaharibika. Amezoea kitochi, ambako kitufe kinasukumwa kwa nguvu hadi kisikike. Kioo cha simujanja hakisikii nguvu, kinasikia jinsi ngozi inavyopitisha umeme kidogo, na kinahesabu muda. Kidole kikikaa karibu nusu sekunde, simu inadhani ameomba kitu kingine: kuihamisha alama au kufungua orodha ya ziada. Yeye kadiri inavyomkatalia ndivyo anavyokandamiza kwa muda mrefu zaidi, na simu inazidi kumwelewa vibaya. Halafu mkulima au mvuvi ana ncha za vidole ngumu na kavu, na ngozi kavu hupitisha umeme vibaya, kwa hiyo wakati mwingine kioo hakimsikii kabisa. Mwambie apulizie kidole au akilowanishe kidogo, kisha aguse kama anayedonoa chumvi. Kwenye Mipangilio kuna pia mahali pa kuongeza muda huo wa kugusa na kushikilia, na hiyo peke yake inawaokoa wengi. Maelezo haya yatakuwa kweli miaka mingi ijayo, simu iwe na sura yoyote. Yape kurasa nne, na michoro ya kidole.

Zipo tabia nyingine za namna hiyo. Kuna namna ya kurudi nyuma, tofauti kati ya kutoka kwenye programu na kuifunga, kwa nini picha zinajaza simu, kwa nini bando linaisha usiku. Kuna pia namba zinazobonyezwa kwenye kipiga simu: *#06# inaonyesha namba ya utambulisho ya simu yoyote ile, na hapa Tanzania *106# inamsaidia mtu kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Hayo yaweke mwili wa kitabu. Vya sura, yaani "WhatsApp inaonekana hivi leo", viweke kwenye kurasa 16 za mwisho peke yake, ukijua utazibadilisha kila utakapochapa tena. Chini ya kila picha andika mwezi na mwaka uliyoipiga. Msomaji akiona "Machi 2025" na skrini yake ni tofauti, hatajilaumu.

Kuhusu kufundisha simu zote, sahau. Watengenezaji wanavalisha Android nguo tofauti: Samsung wana yao, Tecno wanayo, Xiaomi wanayo, na iPhone ni ukoo mwingine kabisa. Wewe una kibanda, kwa hiyo una takwimu ambazo sisi wengine hatuna. Mwezi mzima weka mstari kwenye daftari kwa kila simu ya mzee inayofika mezani. Nadhani utaona Tecno, Itel na Infinix zinajirudia, na hizo tatu zote zinatoka kampuni moja, Transsion, hivyo skrini zake zinafanana kindugu. Chukua ile inayoongoza ndiyo uipige picha, na kwenye jalada useme wazi kitabu ni cha simu za aina gani. Mwenye iPhone hatakasirika. Atakasirika akikinunua kisha agundue ndani.

Picha za skrini. Vijana wengi hupiga, wanazituma kwa WhatsApp kwenda kwenye kompyuta, na kitabu kinatoka na herufi zenye ukungu, kwa sababu WhatsApp inabana picha ili zipite haraka. Zitume kama hati, au tumia waya. Upana wa picha una hesabu yake: uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa inchi. Simu nyingi za bei nafuu zina skrini yenye upana wa nukta 720, na 720 ukigawanya kwa 300 ni inchi 2.4, kama sentimita 6. Basi usiitanue zaidi ya sentimita 6. Ukurasa wa A5 una sentimita 14.8, picha mbili zinakaa bega kwa bega na nafasi inabaki: kushoto "kabla ya kubonyeza", kulia "baada ya kubonyeza". Mpangilio huo mmoja umewafundisha wasomaji wangu kuliko aya zangu zote.

Na tafadhali, simu ya kupigia picha iwe ya kazi hiyo tu, yenye majina ya kubuni. Picha moja ya skrini inaweza kubeba namba ya mtu, uso wake, salio lake na ujumbe wa benki uliojitokeza juu bila kutarajiwa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mteja aliyekuachia simu hakukupa ruhusa ya kumweka kitabuni. Ukibonyeza namba ya toleo la mfumo (kwa Kiingereza Build number) mara saba, simu nyingi zinakufungulia machaguo ya wasanidi, yaani watengenezaji wa programu, na humo kwa baadhi ya simu kuna hali ya maonyesho inayosafisha ule ukanda wa juu: betri imejaa, mtandao umejaa, hakuna arifa. Picha zako zote zitafanana.

Majina ya kampuni unaweza kuyataja ili kueleza. Usichoweza ni kuweka nembo zao jaladani kana kwamba wao ndio wametoa kitabu. Ndani, ukurasa wa pili, andika kwamba ni kitabu huru kisichodhaminiwa na kampuni yoyote iliyotajwa. Yule roboti wa kijani wa Android, Google wameruhusu atumike mradi uandike chanzo chake kama wanavyoelekeza.

Yapo mambo ambayo hutayamaliza kwa kunisoma, yanataka miguu. Kwa mchapaji nenda mwenyewe na rula, sampuli ya karatasi na ukurasa mmoja uliokamilika. Bei uliyotajiwa kwa kupiga simu haina maana kwa kitabu cha rangi. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kama utauza kibandani tu unaweza kuanza bila hiyo, ila maduka na maktaba watakuuliza. Haki yako ya kazi inalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, watakueleza usajili. Ikitokea kampuni ya simu ikataka kukinunua kwa wingi au kuweka nembo yake, usisaini chochote kabla mwanasheria hajakisoma, hata wakikuletea kalamu.

Na hili la mwisho ni la wasomaji wako. Mzee akikuambia herufi za ukubwa wa 14 bado zina ukungu, au anaona kama moshi hata mchana, usikimbilie kuongeza ukubwa wa herufi. Mwambie, tena mwambie na mwanawe, aende kliniki ya macho hospitalini. Huenda ni mtoto wa jicho, na hutibika kwa upasuaji. Akikupa namba yake ya siri ya pesa ili umsaidie haraka, mrudishie simu, geuka upande, aiweke mwenyewe. Wewe ni wakala, na kitabu chako kitaaminiwa kama unavyoaminiwa wewe.

Wiki hii fanya kazi moja tu. Chukua somo la kupiga simu ya video, liandike kurasa nne, ulichape rangi popote hapo mjini, mtafute mzee ambaye hajawahi kuja kibandani kwako. Mkabidhi, kaa mbali kidogo, usiseme neno. Kila anaposita, weka alama kwenye ukurasa wako pale pale aliposita. Ukishafanya hivyo kwa wazee watano, niandikie tena na uniambie alama zimerundikana wapi.